Baba Aliyekuwa Jina Tu

Jirani yangu hapa Turwa ni mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka Lindi. Wiki iliyopita alijifungua mtoto wa kiume, nami nikaenda kumpa hongera na chupa ya uji wa ulezi. Nilipoinama kumtazama mtoto ilinipanda puani ile harufu ya watoto wachanga: maziwa yaliyochacha kidogo kwenye kanga, mafuta ya mgando, na joto la utosi ambao bado unapwita. Mwalimu aliniambia anataka kumpa mwanawe jina la huku, ili siku akihamishwa tena abaki na kumbukumbu ya mahali alipomzalia.

"Dada Nyangi, nifundishe," alisema. "Majina yenu nayaita kila siku darasani lakini maana zake sizijui. Bhoke ni nini?"

"Asali."

"Wambura?"

"Mvua. Anapewa aliyezaliwa mvua ikinyesha."

"Na Marwa? Darasani kwangu akina Marwa ni wengi kuliko madawati."

"Pombe," nikamwambia. "Ile ya kienyeji."

Alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Nilicheka naye, halafu nikaaga mapema kuliko nilivyokusudia. Nilipofika kwangu nilikaa kwenye ngazi ya mlango, hata jiko sikuwasha. Marwa lilikuwa jina la baba yangu. Nilimpenda baba huyo kuliko watu wengi niliowahi kuwaona kwa macho, na mimi ndiye niliyemlilia peke yangu siku alipokufa, ingawa hakuwahi kuzaliwa.

Nitaeleza jambo hili kama ninavyolielewa sasa, maana wakati ule hakuna aliyenieleza. Bibi Bhoke, ambaye mji wake ndio niliokulia huko Kenyamonta, alizaa mabinti tu. Wote waliolewa wakaenda, mumewe akafariki, na zizi likabaki na ng'ombe wa mahari wasio na mtu wa kuwarithi. Huku kwetu mwanamke wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa mke, na watoto watakaozaliwa na mke huyo wakawa wa nyumba yake. Wanaiita nyumba ntobhu. Ndivyo bibi alivyomuoa mama yangu, Ghati. Lakini bibi hakutaka mama aitwe mke wa mwanamke. Alitaka aitwe mke wa mwana. Tangu mimba yake mwenyewe ya kwanza, bibi alikuwa ameliweka jina la marehemu baba yake, Marwa, ampe mtoto wa kiume atakayemzaa, na jina hilo lilikaa likisubiri mimba baada ya mimba mpaka uzazi wake ukakoma. Basi akamfanya mama kuwa mke wa Marwa, mwana ambaye hakumpata. Mimi nilipozaliwa nikawa Nyangi wa Marwa, na shuleni mwalimu akaniandika hivyo hivyo.

Mimi nilijua jambo moja tu: baba yangu anaitwa Marwa na hayupo nyumbani. Wala halikunishangaza. Baba za watoto wengine nao walikuwa hawapo, wengine machimboni, wengine Sirari kwenye biashara zao, wengine wamevuka kwenda Kenya kutafuta. Walikuwa wakirudi. Nilichukulia kwamba wangu naye atarudi zamu yake ikifika.

Bibi alinisaidia kusubiri bila yeye mwenyewe kujua. Alikuwa na tabia ya kumtaja Marwa katikati ya kazi, kama mtu anayetaja aliyetoka kidogo. Akimimina maziwa atasema, "Marwa hapendi ya moto, huyo anataka yaliyolala kwenye kibuyu." Ua likilegea atasema, "Marwa angekuwepo, miti hii isingelala hivi." Penye mlango wa nyumba yake palikuwa na kigoda cha miguu mitatu ambacho hakuna aliyekikalia, na bibi alikipaka samli kila kilipoanza kupauka. Kidogo kidogo nilimjenga baba kutokana na maneno hayo. Nilijua anapenda maziwa ya mgando, nilijua ana mikono ya kusimamisha ua, nilijua mahali atakapokaa akija.

Mtu aliyekuja hasa alikuwa Magesa. Alikuja siku za Jumapili, jua likiwa limepoa, na misimu ya kulima alikuja na katikati ya wiki. Alikuwa mwembamba, mwenye vidole virefu, na aliweza kumenya muwa kwa meno ganda likatoka utepe mmoja mrefu mpaka chini. Aliniletea muwa kila mara. Alilima mashamba yetu kwa maksai wa bibi, alitengeneza ua, alimchinjia bibi mbuzi panapokuwa na shughuli, na kabla ya kuingia ndani alinawa miguu kwenye jiwe kama mgeni. Bibi aliniambia nimwite baba mdogo. Kwa hiyo nikajua ni mdogo wake baba, na kwamba yeye ndiye mwenye habari zake zote.

Nakumbuka mara ya kwanza nilipomuuliza. Alikuwa amechoka, ametoka shambani, akakivuta kigoda cha mlangoni apumzike.

"Usikae hapo," nikamwambia. "Hicho ni cha baba."

Alisimama nusu, akanitazama, kisha akamtazama mama aliyekuwa anapepeta mtama. Mama hakuinua kichwa. Magesa akakirudisha kigoda palepale kilipokuwa, akaenda kukaa kwenye jiwe la kunolea mapanga.

"Umefanya vizuri kuniambia," alisema.

Nikakaa karibu yake nikila muwa. "Baba mdogo, baba ni mrefu kuliko wewe?"

"Kuliko mimi? Sana. Huyo akiingia mlangoni lazima ainame."

"Anajua kukimbia?"

"Usimwone mkubwa ukadhani mzito. Anakimbia."

"Na mimi ananijua?"

Aliokota ganda la muwa akalikunjakunja kwenye vidole. "Anakujua," alisema. "Anajua mpaka hiyo alama yako ya kidevuni."

Basi kuanzia siku hiyo kila Jumapili ikawa ni maswali. Magesa hakuwahi kunifukuza. Aliniambia sauti ya baba, aliniambia baba alimkimbiza fisi akiwa kijana mdogo tu, aliniambia baba hucheka kimyakimya, mabega tu yanatikisika. Mama alipika akitusikiliza. Mara moja nilimwona amegeukia moshi wa kuni akijifuta macho, nikasema moyoni, mama naye amemkumbuka baba.

Nilikuwa nimeanza kusoma herufi pale mama alipopata mimba nyingine. Bibi alibadilika. Aliamka akiimba, alimkataza mama kubeba maji, alikuwa akimtazama tumbo kama mkulima anavyotazama mawingu. Mtoto alizaliwa asubuhi yenye mvua kubwa, kwenye zahanati, na bibi alirudi mbele yao akiwa ameloa mpaka kilemba, anapiga vigelegele peke yake njiani. Alikuwa wa kiume.

Wakati huo nilikuwa najua jinsi majina yanavyopatikana, kwa sababu bibi alikuwa amenieleza. Kuna majina yanayoletwa na siku yenyewe: mvua, njaa, mavuno, nzige, sherehe. Mimi naitwa Nyangi kwa kuwa nilizaliwa kijiji kikiwa kwenye sherehe. Magesa aliniambia mama yake alimzaa wakati wa kuvuna, uchungu ulimshika akiwa na kisu cha mtama mkononi. Halafu kuna majina ya watu waliotangulia. Mzee fulani jirani yetu alipofariki, mjukuu aliyezaliwa baadaye alipewa jina lake, na bibi aliponikuta namuuliza mama kwa nini, akanijibu yeye mwenyewe: "Jina la mtu aliye hai halitolewi. Ukimpa mtoto, mwenyewe ataitika lipi? Mpaka aondoke ndipo linakuwa wazi." Niliyashika maneno hayo vizuri kuliko bibi alivyodhani.

Siku ya kumpa mtoto jina wanawake wa jirani walikuja na vikapu vya unga na maziwa. Magesa alikuwa nyuma ya ghala anapasua kuni. Hakuwa na nafasi katika shughuli ile, ila kuni zilihitajika. Bibi alitoka na mtoto mikononi. Alikuwa amevaa gauni lake la kitenge cha kijani, amejipaka mafuta mpaka mikono inang'aa. Alimwinua mtoto kidogo na kusema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti laini kama ya msichana:

"Huyu ni Marwa. Marwa amekuja."

Wanawake wakapiga vigelegele. Na mimi, niliyekuwa nimesimama karibu na mlango nikiwa na bakuli la maji, nilielewa kitu kimoja tu. Jina limekuwa wazi. Baba amekufa. Amekufa huko aliko, wao wote wanajua, wanacheka, na mimi sikuambiwa.

Niliangusha bakuli. Nikashika kichwa kwa mikono miwili kama nilivyoona wanawake wakifanya misibani, nikapiga yowe. "Baba! Baba Marwa! Baba umekufa!" Nilitoka mbio kuzunguka uwanja nikilia kwa maneno ya msiba niliyoyasikia kwa wakubwa: umetuacha na nani, nani atasimamisha ua, nani atakaa mahali pako. Huku kwetu yowe si kitu cha mchezo. Wanaume waliokuwa malishoni walikuja na fimbo na mapanga wakidhani ng'ombe wameibwa. Walipofika walikuta wanawake wamesimama kimya na mimi nagaagaa kwenye vumbi.

Aliyeninyanyua ni Magesa. Alikuja kutoka nyuma ya ghala na vipande vya kuni vikiwa bado vimeng'ang'ania kwenye shati, akanibeba kama nilipokuwa bado mchanga. Nilimpiga kifuani.

"Baba amekufa, baba mdogo. Baba amekufa!"

"Hajafa," alisema.

"Amekufa, wamempa mtoto jina lake!"

"Baba yako hajafa, Nyangi. Nakuambia mimi. Hajafa." Na aliposema hivyo nilihisi kifua chake kikitetemeka, nikadhani ananidanganya ili ninyamaze, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa analia.

Mama mmoja wa makamo, rafiki wa bibi wa siku nyingi, ndiye aliyesema walichokuwa wanakiogopa wote. "Bhoke, jina limeliliwa msiba. Mbele ya mtoto, siku ya kwanza. Utamvika mtoto mchanga jina lililoliliwa?"

Bibi alimtazama mtoto, akanitazama mimi. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama macho yake yalikuwa na hasira. Hayakuwa na hasira. Aliingia ndani na mtoto, akafunga mlango, na wageni wakachukua vikapu vyao mmoja mmoja.

Asubuhi yake alimrudisha mtoto kwa mama. "Ni Wambura," alisema. "Alikuja na mvua." Kisha akaenda kukamua ng'ombe. Jina alilolibeba tangu akiwa mke kijana, alilolipitisha kwa mabinti wote bila kupata wa kumpa, lilimponyoka siku aliyompata. Na hakunipiga. Angenipiga labda ningesahau.

Mama alinipeleka mtoni siku iliyofuata, akanikalisha kando ya nguo. Alikuwa bado mdhaifu wa uzazi. Alianza kufua, akaacha.

"Marwa hakufa," aliniambia. "Hakuwepo. Ni jina alilokuwa nalo bibi yako. Hakuna mtu."

"Yuko machimboni?"

"Hayuko popote, mwanangu. Hakuwahi kuwepo."

"Mbona baba mdogo anasema ni mrefu?"

Mama alikamua nguo ile ile mara nyingi mpaka haikuwa na tone. "Anakupenda," alisema.

"Sasa mimi ni wa nani?"

"Wa nyumba ya bibi." Alijibu haraka, kama somo lililokaririwa, na akarudi kwenye sabuni.

Ningekuwa na akili ya leo ningeuliza swali moja zaidi. Lakini nilikuwa nimeshajaa. Baba niliyekuwa nimemjenga tangu nipate fahamu, mwenye mabega yanayotikisika akicheka, alikuwa ameondolewa bila hata kaburi, na mtu pekee niliyeweza kumkasirikia ni yule aliyenipa mabega hayo.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nimejificha nyuma ya ghala nikimkwepa Magesa asinione. Alikuja kuongea na bibi zizini. Nilisikia sauti zao vizuri.

"Mama, mwambie mtoto," Magesa alisema. "Umemsikia alivyolia. Mimi sitaki kitu. Ajue tu."

"Akijua, kesho atakuita nani?"

"Aniite anavyoniita sasa. Ila ajue."

"Magesa. Ng'ombe waliotoka kwenye zizi hili kwenda kwa kina Ghati, walikuwa wako?"

Nilisikia Magesa akigongagonga mti wa zizi.

"Tulikubaliana au hatukukubaliana?"

"Tulikubaliana, mama."

"Basi."

Mimi nilijua tayari kwamba Marwa hayupo, kwa hiyo habari ya kuambiwa sikuijali. Nilichoshika ni ng'ombe. Nikaamini kwamba Magesa amelima mashamba yetu miaka yote kwa kutaka ng'ombe, na sasa amekuja kudai. Hata miwa nikaiona ilikuwa ya kutulaghai.

Alikuja mara moja tena. Alikuwa na begi la turubai na jembe alilolikata mpini, akasema kuna kazi amepata upande wa Kewanja, kwenye mawe. Mama alikuwa ndani na Wambura. Bibi alikuwa ameenda kwa jirani, nadhani kwa makusudi. Magesa alinikuta uwanjani nachambua maharage. Sikumpa shikamoo. Aliweka muwa kando yangu, sikuugusa.

"Ulinidanganya," nikamwambia. "Ulisema ni mrefu."

"Ndiyo. Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

Hakuwa mtu wa kujibu tu ilimradi. "Ulikuwa unauliza vizuri," alisema.

Nilirudi kwenye maharage yangu. Alisimama pale mpaka nikachoka kujifanya simwoni, na nilipoinua kichwa alikuwa ameshafika kwenye njia ya ng'ombe, anatembea bila kugeuka. Muwa ulikauka palepale. Mama ndiye aliyeutupa.

Baada ya hapo nyumba yetu ilikuwa na kimya ambacho sikujua jina lake. Bibi hakumtaja Marwa tena. Maziwa yalimiminwa, ua ulilala ukasimamishwa na vibarua, na hakuna aliyesema Marwa angefanyaje. Alimpenda Wambura, alimbeba mgongoni mpaka miguu ya mtoto inagusa magoti yake, lakini mara nyingine akitaka kumwita alianza na herufi nyingine, akaimeza, ndipo akasema Wambura. Nilikuwa nikiisikia herufi hiyo kila mara, na nikajua ni mimi niliyemnyima.

Bibi alifariki nikiwa chuo cha ualimu. Tulimzika vizuri, mabinti zake walikuja, Wambura akasimama kama mwana wa nyumba na watu wakampa heshima yake. Jioni, mimi na mama tulibaki tunasugua masufuria ya msiba kwa majivu. Mama alisema bila kunitazama, kama anaendelea na mazungumzo ya siku ile ya mtoni.

"Magesa ndiye aliyekuzaa. Wewe na mdogo wako."

Ni ajabu kwamba sikushtuka. Nilihisi tu uzito unashuka, kama mtu aliyebeba ndoo kichwani mpaka akasahau kuwa ameibeba.

"Niliapa kwa mama, bibi yako, sitasema akiwa hai," mama aliendelea. "Naye Magesa aliahidi kabla hujazaliwa. Alikuwa anakuja kwa kibali cha mama, hana haki ya mtoto, alilijua hilo. Ila siku ile ulipolia alishindwa. Mama akamwambia kama hawezi kunyamaza, asije."

"Kwa hiyo aliondoka kwa sababu yangu."

"Aliondoka kwa sababu yetu sote," mama alisema, na akaanza kusugua sufuria nyingine.

Nilichelewa kumtafuta. Nilijiambia nimalize chuo kwanza, kisha nikasema nipate kituo cha kazi, kisha nikaolewa. Nilienda Kewanja nikiwa na mimba kubwa ya mtoto wangu wa kwanza. Kuuliza hakukuwa kazi; watu walinielekeza nyumba ya bati iliyo pembeni, ambako ukitazama juu unaona vilima vya mawe yaliyotolewa mgodini. Mwanaume alikuwa amekaa chini ya kivuli cha maturubai akiponda kokoto. Mgongo ulikuwa umepinda. Nilivitambua vidole.

"Shikamoo."

"Marahaba. Sijakufahamu, binti."

"Mimi ni Nyangi. Wa Kenyamonta."

Aliiweka nyundo chini polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Alinitazama kidevuni. Alifungua mdomo kusema, na wakati uleule mke wake akatoka ndani akijifuta mikono, mwanamke mnene mwenye uso wa ukarimu, na watoto wawili nyuma yake.

"Tuna mgeni? Ni nani, baba Robi?"

Magesa alimtazama mke wake, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimekuja njia nzima nikiandaa neno moja, lilikuwa kwenye ulimi.

"Ni mtoto wa kaka yangu," alisema. "Marehemu Marwa. Wewe hukumkuta."

Yule mama alinishika mikono yote miwili. "Pole sana, mwanangu. Kukua bila baba si kitu chepesi."

"Nimeshapoa, mama mdogo," nikamjibu. Hilo ndilo neno lililotoka.

Alinipikia chai, akakaanga mayai, akamtuma mtoto mmoja akalete mkate. Magesa alizungumza kidogo. Aliuliza kama mama mzima, akauliza kama Wambura anasoma, nikasema yuko kidato cha pili, na akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Watoto wake walinizunguka. Mkubwa, Robi, alikuwa na kidevu changu. Mpaka leo sijui kama Magesa alisema vile kumficha mke wake, au kutimiza ahadi kwa mwanamke aliyeshakufa, au kunilinda mimi, kwa kuwa alidhani bado namtaka yule mrefu.

Alinisindikiza mpaka penye bodaboda. Njiani nilisema moyoni, sasa. Tukifika kwenye ule mti, sasa. Tulipofika kwenye ule mti nikasema, tukifika kwenye lile duka. Alikuwa anatembea taratibu kwa ajili ya tumbo langu.

"Ukijifungua salama nipe taarifa," alisema.

"Nitakuletea mtoto umwone."

"Itakuwa vizuri sana."

Nilitaka kumwambia kwamba nikizaa mwana nitampa jina lake. Lakini alikuwa hai, amesimama mbele yangu, na mafundisho ya bibi bado yalikuwa na nguvu kwangu: kusema vile ilikuwa kama kumtakia mabaya. Nikapanda pikipiki. Nilisema, "Haya, baba mdogo," na akaitikia.

Nilizaa mtoto wa kiume. Ndugu wa mume wangu ni watu wa kanisa, walikuja na jina wameshaliombea, Elisha, nami sikupinga kwa sababu jina nililolitaka halikuwa wazi. Nilipanga kumpeleka Kewanja akianza kukaa, kisha mvua zikaharibu barabara. Nikasema tutaenda akitambaa. Nikasema hana nguvu bado, apate chanjo ya mwisho kwanza.

Mama alinipigia simu asubuhi moja nikiwa barazani hapa Turwa. Magesa alikuwa ameumwa kifua muda mrefu, kumbe vumbi la mawe yale lilikuwa limeingia ndani. Walikuwa wamemzika jana yake. Mke wake alijaribu kututafuta, hakuwa na namba. Mama hakulia kwenye simu. Alisema tu, "Nyangi, upo?" nikasema nipo.

Mtoto wangu alikuwa anatambaa kuelekea ukingo wa baraza. Nilitaka kumwita kwa jina la babu yake, angalau mara moja, nione likoje mdomoni. Nikaita, "Magesa." Aliendelea kutambaa. Nikaita tena kwa sauti. Hakugeuka, alikuwa amefika ukingoni kabisa, mkono mmoja ukiwa hewani.

"Elisha!"

Hapo akaacha kutambaa, akanigeukia akicheka, na mimi nikaenda kumbeba.